Karatasi za Fundi Jalada

Wasikilizaji wapendwa, amani iwe kwenu. Kama kuna sufuria jikoni, punguzeni moto kwanza, kwa sababu leo sitaki mtu aniache katikati. Tunamkumbuka mtu aliyefariki Jumatatu asubuhi. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka arobaini, katika chumba kimoja, nyuma ya msikiti. Watu walimwita Fundi Jalada. Hata mkewe alimwita hivyo, hasa akiwa amekasirika.

Nina mawili ya kuwaambia. La kwanza ni jepesi: alikuwa mtu mwema. La pili ni zito, na nikilisema huenda wengine wenu mkazima redio saa hii na msiiwashe tena. Nitalisema. Nipeni nafasi tu nilifikie taratibu.

Alizikwa Jumatatu hiyo hiyo, alasiri. Wakati wa kumsalia mimi nilikuwa safu ya tatu. Tulipokuwa tukijipanga niligeuka nyuma, nikahesabu safu. Kumi na saba. Nikahesabu tena, labda nimekosea. Kumi na saba. Mwenzangu yuko ndani ya jeneza, na mimi najiuliza: nikifa mimi, mwenye kipindi kinachosikika kila kona, nitazipata? Nilimwonea wivu maiti, wasikilizaji. Maiti!

Na wivu huo haukuanza Jumatatu. Mimi na Fundi Jalada tulisoma kwa mwalimu mmoja, Maalim wetu, Mungu amrehemu. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili, na kwa majigambo yangu niliona wa kweli ni wawili tu, mimi na yeye. Mimi nilikuwa mwepesi. Swali halijaisha, jibu nimeshalitoa. Yeye ukimuuliza kitu anakwambia, "Sijui, nitaangalia." Kisha baada ya siku tatu, nne, wewe umeshasahau uliuliza nini, anakuja na jibu lake limenyooka.

Maalim alipozeeka ilibidi achague wa kumwachia darsa ya alasiri. Mimi nilishashona nguo mpya kabisa. Maalim akatuangalia wote, akasema, "Darsa atashika huyu anayejua kusema sijui." Wenzetu wakacheka. Na mimi nikacheka, meno yote nje, na roho inaniungua.

Ndipo nikaingia redioni. Nawaambia ukweli ulivyo. Sikuja hapa kwa ajili ya dini. Nilijiambia, yeye ana watu arobaini kwenye mkeka, mimi nitapata laki. Nikazipata. Roho haikutulia.

Sasa sikilizeni kuhusu vitabu.

Mwaka mmoja kitabu changu cha zamani kiliachia kurasa, nikampelekea akijalidi. Chumba chake kilikuwa na meza, shinikizo la chuma la kubania vitabu, sindano nene, uzi uliopakwa nta, na sufuria ya gundi ya unga. Juu ya rafu kulikuwa na redio ndogo, na ilikuwa kwenye stesheni hii. Hata hilo liliniudhi. Nilitaka asinisikilize, ili nipate cha kumlaumu.

Baada ya wiki nikakichukua kitabu. Nikakipekua kama askari wa mpakani. Sikuona kosa. Mshono sawa, kona sawa. Nikakumbuka nilivyowahi kusikia, kwamba mafundi hugandisha makaratasi ya ovyo ndani ya jalada ili liwe gumu. Nikasema, hapo nimempata. Nikachukua wembe, nikachana jalada kwa ndani.

Ni kweli, alikuwa ametia makaratasi. Yamebandikwa moja juu ya jingine, nane kwa idadi. Yote yana maandishi, na mwandiko ni wake. Nikayaloweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu mpaka gundi ikaachia. Aliandika kwa penseli, kwa hiyo hakuna kilichofutika. Nikayaanika kwenye kamba. Mke wangu akaniuliza, "Unafua nini leo?" Nikamjibu, "Elimu." Nilidhani natania.

Kumbe kila siku, baada ya sala ya alasiri na darsa yake, mtu huyu alikaa akajihoji mwenyewe. Ukurasa mmoja, siku moja. Nawasomea kidogo.

"Leo mteja amesifu kazi yangu. Nimesema alhamdulillahi. Nimesema kwa sauti, ili asikie kwamba nimesema."

"Nimesoma mlango mzima juu ya upole. Mke wangu kaniita mara mbili nikiwa nasoma, nikamfokea. Basi nimesoma nini?"

"Nimemsamehe jirani. Sasa najikuta nangoja ajue kwamba nimemsamehe."

Mmeyatambua maneno hayo? Najua mmeyatambua. Mliyasikia hapa, kwa sauti hii, katika kile kipindi cha Mizani ya Nafsi, sehemu thelathini, ambacho baadhi yenu bado mnaomba kirudiwe. Mliniandikia barua. Bwana mmoja aliniambia alikwenda kumwomba ndugu yake radhi baada ya miaka kumi na moja. Mama mmoja akaniita daktari wa mioyo, na mimi nikaliacha jina hilo linikae.

Maneno yale hayakuwa yangu. Narudia, kwa ajili ya aliyewasha redio sasa hivi: maneno ya Mizani ya Nafsi hayakuwa yangu. Yalikuwa ya Fundi Jalada. Niliyachukua bila ruhusa, nikayasema kwa macho makavu, tena mengi yalihusu ikhlasi, yaani kumfanyia Mungu jambo bila kuangalia nani anakuona.

Na kuna lililo baya zaidi. Karatasi nane haziwezi kujaza vipindi thelathini. Zilipokwisha nilichukua kitabu kingine, kizima kabisa, nikakivunja uti kwa goti langu. Nikampelekea. Halafu kingine. Vitabu kumi na tisa, wasikilizaji.

Siku moja akanitazama juu ya miwani. "Kaka, vitabu vyako vina nini?"

"Joto," nikamwambia.

"Eh, joto ni baya," akasema, akachukua sindano yake. 

Juzi nilikwenda kumpa pole mjane wake. Nilikuta wanawake wamemzunguka, akawaomba wasogee kando kidogo. Akanimiminia chai. Nikaanza yale maneno yetu ya msibani, akanikata.

"Shemeji, alijua."

"Alijua nini?"

"Usinifanye mtoto. Kila Alhamisi yeye kwenye kiti chake, wewe ndani ya hiyo redio. Akisikia sentensi anasema, hiyo ya kitabu chekundu. Hiyo ya kile kikubwa. Mwenyewe anajua alitia nini wapi."

Uso ulinishuka. Nikamuuliza kama alikasirika.

"Siku ya kwanza? Alilipiga shinikizo teke! Chuma, na yeye kavaa ndala. Humkumbuki alivyochechemea mwezi mzima?"

Nilikumbuka. Tena nilimwombea dua apone mguu, hadharani, msikitini, kwa sauti nzuri.

"Sasa mbona hakuniambia?" nikauliza.

Shemeji akaniongezea chai. "Alisema hajui anakasirika kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya jina lake. Akasema, nikijua, nitamwendea. Basi akawa anajiuliza, anajiuliza, miaka sita. Kafa hajajua."

Nilitaka kuondoka. Akaniambia nikae, chai haijaisha. Akanieleza kwamba yeye ndiye aliyemsihi mumewe achapishe karatasi zile. Marehemu akamjibu kwamba zikichapwa atakuwa anazisoma mwenyewe kila siku na kujipongeza. Akaona bora azigandishe ndani ya vitabu vya watu, zifanye kazi ya kushikilia jalada.

Kisha akanipa kitabu changu, cha mwisho, cha kumi na tisa. Kilikuwa tayari. Akaniambia, "Ukitaka kusema redioni, sema. Ila usilie. Ukilia watakupenda zaidi."

Ndiyo maana silii, wasikilizaji. Nimekunywa maji mara mbili na hiyo ni koo tu.

Kitabu hicho nacho nilikichana. Jana, adhuhuri, siku mbili tu baada ya kumzika. Nilikuwa na njaa ya maneno yake, sikuweza kujizuia. Karatasi ya juu ina mistari minne. Naisoma kama ilivyo:

"Leo nimemsikia tena. Sentensi niliyoiandika kwa uvivu, yeye kaisema, na mke wangu kaacha kukata vitunguu akasikiliza. Mimi nilipomsomea hakuacha. Ninaionea wivu sauti yake. Ee Mola wangu, niondolee wivu huu, na usimwondolee yeye sauti."

Mnataka kujua nilihisi nini? Nilifurahi. Aliniona! Miaka yote hiyo, kumbe naye alikuwa na donge juu yangu! Nikatembea chumbani kama bwana harusi. Kisha nikarudi nikausoma mstari wa mwisho, nikakaa chini. Alikuwa na wivu kama mimi, lakini yeye akiupata aliupeleka kwa Mola wake na kuniombea nibaki na nilicho nacho. Mimi nilikuwa namwomba Mola huyo huyo amnyang'anye. Hapo ndipo aliponipita, na Maalim alikuwa amekwisha kuona.

Familia ya marehemu, poleni sana. Shemeji, pole. Mabinti zake wawili, poleni. Wanafunzi wa darsa ya alasiri, poleni. Mwenyezi Mungu amsamehe makosa yake, na kila aliyepata nafuu kwa maneno yale, thawabu zake zimfikie marehemu, mwenye maneno. Kipindi cha Mizani ya Nafsi hakitarudiwa kwa jina langu.

Na ninyi mliobaki mnanisikiliza, leo kaeni na nafsi zenu muda mfupi tu. Chukueni jambo moja jema mlilolifanya wiki hii, moja tu, mliulize: wewe ulikuwa kwa ajili ya nani?

Nilipanga niishie hapo. Ila najua mnachofikiria. Vitabu alivyojalidi viko majumbani mwenu, mamia kwa mamia, na sasa kila mmoja anataka kuchungulia. Nilikuwa nimeandika hapa kwenye karatasi yangu ombi la kuwasihi msichane majalada. Tumheshimu marehemu, nimeandika. Tuache siri yake ilale. Maneno mazuri kweli.

Sasa nayaangalia, najihoji mbele yenu. Je, ninalinda heshima yake? Au naogopa mtakuta humo maneno ya vipindi vyangu vingine, ambavyo leo sikuvitaja?

Naogopa.

Basi vifungueni. Misahafu iacheni, humo hakuthubutu kutia neno lake. Vingine fungueni kwa ndani, polepole, kwa wembe, na maji yawe ya uvuguvugu. Mkikuta sentensi mliyowahi kuisikia kwangu, leteni karatasi hapa stesheni. Nitaisoma, na nitalitaja jina lake kabla ya kila moja.