Sauti Mbili za Ildefonsa, Namba Moja

Kaeni jamani, na mliosimama kule nyuma sogeeni msikilize, mimi ni Ntwari, mtoto wa kaka yake marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma historia yake, shule sikuimaliza kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu Ildefonsa alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 Mabawe, wilaya ya Ngara, akasoma hukohuko mpaka darasa la saba mwaka 1976, akaingia kwaya ya kigango, na tarehe 6 Julai 1985 akafunga ndoa na Mzee Novatus, huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa mtoto mmoja, Kezia.

Mwaka 1989 aliajiriwa Rusumo, ofisi ya mawakala wa forodha, kupanga mafaili ya mizigo, akafanya miaka ishirini na nane na hakuna faili lililopotea mkononi mwake, akastaafu 2017, wakahamia hapa Nyamigogo, nyumbani kwao mume wake.

Wimbo wake mnaujua, "Mto Umejaa", aliurekodi 2012, na 2019 mimi ndiye niliyeupandisha mtandaoni, kwa sababu ilionekana najua simu. Ukipandisha nyimbo kuna namba za aina mbili, barkodi ni ya albamu nzima, kama ile mistari myeusi kwenye pakiti ya sabuni, halafu ISRC ni ya kila rekodi peke yake, mitandao inaitambua rekodi kwa namba hiyo.

Agosti 2024 alianza kuugua mapafu. Tarehe 9 Februari 2025 akaniita, akauimba upya wimbo uleule akiwa amekaa kwenye kiti, akaongeza beti tatu, mmoja unamtaja Kezia, pumzi unaisikia inavyokatika. Nikaupandisha kwenye albamu mpya, barkodi mpya, lakini ISRC nikanakili ile ya zamani, nikidhani wimbo ni uleule, namba ni ileile. Mitandao ikaona namba moja, ikachukulia ni rekodi moja, mtu akibonyeza ya mwaka huu anasikia ya 2012.

Nilipomwambia alicheka mpaka akakohoa.

"We Ntwari kichwa kigumu, malori mawili yakileta sukari ya tajiri mmoja, tunayaandikia namba moja?"

"Hapana shangazi."

"Basi na mimi wa mwaka huu nipe namba yangu."

"Kesho naishughulikia."

"Kesho yako naijua, huwa inakuja na mwezi mwingine."

Ikawa hivyo. Wasambazaji, wale wanaotupelekea nyimbo mitandaoni, walinitumia fomu ya kuomba namba mpya tarehe 20 Mei, inataka idhini ya mwenye rekodi, mimi nikawa Biharamulo mjini na mambo yangu, sikumpelekea, na tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, akafariki hospitalini, akiwa na miaka 64.

Idhini sasa ni ya mume wake, na juzi alikataa. Alisema, "Mke wangu wamsikie akiimba, wasimsikie akitafuta pumzi." Kezia anasema mama alijua anavyosikika na bado aliomba, na ule ubeti wake hakuna aliyeusikia nje ya nyumba ile. Mzee, shikamoo, sisimami hapa kushindana na wewe, nasema kwa sababu kosa ni langu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Nyamigogo mliopika na kuchota maji siku zote hizi, wanakwaya wa Mabawe, na wenzake wa Rusumo mliosafiri kuja kumzika.

Shangazi, kazi yako umeimaliza, pumzika kwa amani. Fomu bado ninayo kwenye simu, idhini yenyewe ni kuweka alama ya vema tu, neno la siri la akaunti yake nalijua mimi peke yangu, aliyezikwa alitaka na aliyebaki hataki, wewe uliyekaa hapo ungefanya nini?