Siku Balansi Alipopima Sauti ya Henri

Ilianza Jumamosi tarehe 14 Septemba 2002, saa tisa kasoro dakika tano za alasiri, Pasta Gamaliel aliponiwekea mkononi kijimashine kidogo kuliko kipande cha sabuni na kuniambia: «Sauti ya kaka yako iko ndani. Kesho kisha ibada narudi nayo Kampala, kwa mtu aliyeitoa Kinshasa kwake.» Kaka yangu Henri alikwenda Kinshasa kabla ya vita; nchi ilipokatwa vipande yeye akabaki upande ule, sisi upande huu wa mashariki, na kwa miaka minne mama yetu hakumsikia hata akikohoa. Mama alikuwa njiani, juu ya lori la viazi kutoka Musienene. Lori hilo hushusha watu mbele ya birika la Emérence muuza kahawa, hapa mtaani Kimemi, kwa hiyo nikaenda kumngojea kwenye benchi lake. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Wenye benchi walikuwepo wote watatu: Ézéchias, anayenunua dhahabu ya vumbi na kutembea na mizani ndogo mfukoni, ndiyo maana anaitwa Balansi, Muyisa, aliyekaa Dubai siku tatu na kichwa chake hakijarudi, anaitwa Dubaï, na shemasi Siméon, anayeitwa Amina-Mbele kwa sababu huitikia sala kabla haijaisha. Mashine nilikuwa nimeifunga katika leso. Nilifungua leso mara moja tu, kuhakikisha ipo.

— Licence, ile ni nini? akauliza Balansi. Tangu nipate licence, shahada ya chuo kikuu, hawaniiti tena Katungu.

— Mashine ya muziki. Haina kaseti. Nyimbo zinakaa mule ndani, pamoja na sauti ya Henri.

— Nyimbo ngapi?

— Kumi na tisa, za rumba.

— Mu kale kakintu? Haiwezekane! Kaseti yangu iko na nyimbo kumi, na radio yake iko muzito sawa tofali.

— Weye hujafika Dubaï, akasema Dubaï. Kule nilizionaka. Ndani muko kaseti, mais nyembamba sana, sawa uzi ya buibui. Bantu ba Chine njo banaikunjaka na vidole.

— Na bantu ba Chine banafanya nini Dubaï? akauliza Balansi.

— Likambo te, hakuna neno, banapitaka.

— Hamuna kaseti, Papa Muyisa, nikasema. Iko na mémoire, akili ya kukumbuka.

— Sawa ya mutu?

— Sawa ya mutu, kidogo.

— Basi itasahau, akasema Amina-Mbele.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikavaa kisikilizio sikioni, nikabonyeza. Henri alikuwepo, anasafisha koo kama baba alivyokuwa akifanya. Nikazima haraka, asichoke.

Balansi alikuwa amekwisha kutoa mizani yake.

— Munisikilize, akasema. Kila kintu chenye kuingia mu kintu ingine kinaongeza buzito. Mutu akikula, analemea. Gunia ikiingia maharagi, inalemea. Donc nyimbo kumi na tisa ziko na buzito yao. Lete tuone kama balikuiba.

— Papa Balansi, nyimbo hapana maharagi.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Amina-Mbele. Wimbo na wimbo hujaza kilo. Mupe.

Nikampa, maana kumkatalia mzee mbele ya watu sikulelewa hivyo. Akaweka mashine upande mmoja. Upande wa pili akaweka sarafu za zamani za zaire, halafu vijiti vya kiberiti, kimoja kimoja, kama wanunuzi wa dhahabu wanavyofanya. Sindano ikasimama kwenye sarafu sita na vijiti vinne. Akatingisha kichwa kama mtu anayeleta habari ya msiba.

— Iko nyepesi sana. Licence, balikupatia butupu.

— Mais inaimba! Sikiliza weye mwenyewe.

Akasikiliza. Uso ukamfunguka, mguu ukaanza kucheza chini ya benchi.

— Inaimba, akakubali.

— Debe tupu haliachi kuvuma, akasema Amina-Mbele. Inavuma, donc iko butupu. Amina.

— Shemasi, akasema Emérence akimimina kahawa, hata weye unavumaka kila siku ya Mungu.

— Ngojeni, akasema Dubaï. Inatokana na mwimbaji. Ule wa rumba iko mwembamba, njo maana hapana lemea. Mutie humu chorale, kwaya ya bamama makumi ine! Licence hataweza kuibeba mu leso. Ataisukuma ku chukudu, ile baiskeli ya mbao.

— Na ku barrière, kizuizi ya njia? akauliza Emérence. Soda, ule askari, akisikia bantu makumi ine mu leso ya binti mumoja?

— Atasema ni kikosi, akajibu Dubaï.

— Atasema batoke mumoja mumoja, baonyeshe carte ya utambulisho, akasema Amina-Mbele.

Balansi hakucheka. Mtu wa mizani hachekeshwi na hesabu isiyokamilika.

— Kwa kujua kweli, akasema, iko njia moja. Tufute byote. Tupime butupu yake. Halafu tutarudisha nyimbo.

— Mutazirudisha toka wapi? nikauliza, na sauti yangu ikapanda juu kuliko nilivyotaka.

— Toka kule tutaziweka.

— Hapana mu kikombe yangu! akasema Emérence.

Amina-Mbele akasimama. Shemasi huyu hasimami ovyo, anaumwa mgongo.

— Musifute! Nawauliza kintu kimoja. Kama sauti ya Henri iko humu ndani, Henri kule Kinshasa anasema na nini?

Wote tukaitazama mashine, hata mimi mwenye licence yangu.

— Iko bubu, akajijibu. Tangu siku alipoituma, iko bubu. Mukifuta, atakufa bubu.

— Njo maana haandikake barua, akasema Dubaï.

— Kuandika banaandikaka na mukono, akasema Emérence.

— Mukono na mulomo ni ndugu.

— Basi tutafuta kidogo tu, akasema Balansi. Nusu ya Henri. Abaki na ya kusalimia.

Na kabla sijanyoosha mkono, Dubaï aliinyakua mashine kutoka kwenye mizani.

— Kufuta ni hapa. Kule nilionaka mutu anafinya.

Akabonyeza. Kwenye kidirisha likatokea jina la Henri, na pembeni yake neno moja lenye alama ya kuuliza. Kiingereza changu ni kidogo, lakini neno lile la kufuta nililielewa. Mimi, ninayesalimia wazee kwa mikono miwili, nikampiga Dubaï mkono kwa leso. Mashine ikaangukia mapajani mwangu. Kahawa ikaangukia vijiti vya Balansi. Nikabonyeza kitufe kingine huku nikiomba Mungu, na neno likaondoka. Jina la Henri likabaki.

— Binti ya nani anapigaka baba yake? akasema Dubaï.

— Ya miye, ikajibu sauti nyuma yetu.

Lori lilikuwa limefika. Mama yangu, Kavugho, alisimama pale na mzigo wake wa poro, vile vitunguu vya majani marefu, mgongoni, kamba katika paji la uso. Sikungoja atue. Nikamvika visikilizio vyote viwili na kubonyeza.

Alisikiliza akiwa amesimama, mzigo mgongoni. Hakuna aliyekunywa. Kisha akapiga kelele, kama watu wote wanavyofanya wakizibwa masikio:

— Henri! Unakulaka?

Akangoja. Akaitoa mashine mkononi mwangu, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akavua visikilizio.

— Ananiuliza kama magoti inaniuma bado, akasema. Sasa miye namujibia wapi?

Dubaï akatazama juu, kama ndege ya kwenda Dubai inapita. Balansi akaanza kupanga vijiti vilivyolowa. Amina-Mbele akasema «Amina», lakini kwa chini. Emérence akainamisha birika juu ya kikombe cha mama. Likatoa tone moja, halafu mashapo.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya jogoo. Niliizungusha mashine mbele ya dirisha mpaka nikaona, ubavuni, nukta nyekundu. Kila mtu aliyeimba chorale anaijua nukta ile: ndiyo unayofinya kwenye radio ya kaseti ili ikushike sauti. Nilifinya. Mashine ikakataa, ilikuwa imejaa. Basi nikafuta rumba, wimbo mmoja mmoja, nikisoma kila jina mara mbili, nikaruka jina la Henri. Nikafinya tena nukta, Mama akakaa kitandani, mashine mbele ya mdomo, akamwambia Henri habari za magoti, za poro, za mbuzi aliyekula Agano Jipya, akamuuliza nani anamfulia nguo.

— Mashine ikirudi kwake, nikamwambia, sauti yake itaondoka nayo.

— Nimeisha kumusikia. Sasa ni zamu yake.

Njiani kwenda kwa Pasta Gamaliel tulipita kwenye benchi. Balansi alikuwepo, amevaa koti la ibada.

— Ndani muko nini leo?

— Muko Mama, nikasema, na bila kuombwa nikaiweka mimi mwenyewe juu ya mizani.

Sarafu sita. Vijiti vinne, vikavu. Sindano ikasimama palepale pa jana, sawasawa. Balansi akamtazama mama yangu, akatazama sindano. Kisha akatoa kijiti cha tano na kukilaza taratibu juu ya sarafu, huku kidole gumba chake kikiegemea upande wa mashine.

— Imelemea, Mama, akasema.

— Nilijua, akasema mama. Nilisema mingi.

Kidole nilikiona. Nikaifunga mashine katika leso, nikaibeba kwa mikono miwili mpaka kwa Pasta.