Aliyetueleza Kabla Hatujatoka Wodini

Mheshimiwa Mwakilishi Wadi, Daktari Msimamizi wa hospitali, wauguzi, ndugu wageni waalikwa, na wewe Sista Nalangu tunayekuaga leo, nawasalimu. Mimi ni Elphas Ojwang, mwalimu wa sekondari hapa Kitengela. Nilipoombwa nizungumze, niliuliza kwanza: wananitafutia nini? Mke wangu Elsie akacheka.

Anajua nilikotoka. Mwaka juzi nilianguka kutoka kwenye boda boda, nikagonga kichwa, nikaletwa hapa nimezirai. Picha ya kichwa haikuonyesha damu iliyovuja ndani. Kabla sijaruhusiwa kwenda nyumbani, Sista alituketisha mimi na Elsie akatueleza yatakayofuata: kichwa kitauma, mwanga utanisumbua, nitasahau, nitakasirika bure, pengine hata nitawashuku watu wangu. Akasema wengi hupona wakipumzika na kurudi kazini polepole, ila nikitapika mfululizo au nikilala nisiamshike, nirudishwe mara moja.

Ndugu zangu, nani asingemwamini? Mimi. Niliwaza, mbona ananituliza hivi? Wameona nini wanachonificha? Nyumbani funguo zikipotea, nilijua Elsie amezificha. Akiongea kwa simu jikoni, nilisimama mlangoni kusikiliza. Walimu wenzangu walipokuja kuniona, nilidhani wametumwa kunichunguza ili nafasi yangu apewe mwingine. Mwishowe nikafunga begi niende kwa kaka yangu Kiserian, nikamwambia Elsie simwamini tena.

Hakubishana. Aliketi karibu na lile begi akasema, "Baba Amolo, Sista alituambia haya yatakuja. Mpigie mwenyewe umuulize."

Nilimpigia nikiwa na hakika wamepanga pamoja. Hakunibembeleza. Aliniuliza ninalala vipi, nikakiri silali. Akasema, "Kunishuku mimi, nishuku. Lakini usivunje nyumba na kichwa hakijapata usingizi. Kesho njooni wawili, daktari akuone."

Tulikuja. Daktari alinipima upya mbele ya Elsie, akatueleza kila alichokiona, na hakukuwa na kilichofichwa. Usingizi ulirudi kwanza, kisha kumbukumbu. Muhula uliofuata nikaanza na vipindi vichache. Hasira ndiyo iliyokawia kuondoka.

Sasa, Mheshimiwa, nauliza mbele ya watu: Sista akishaenda, nani atawaeleza wagonjwa na jamaa zao mapema hivyo? Nimeambiwa mpango upo. Nitaamini siku nitakapomwona huyo mtu akifanya kazi.

Sista Nalangu, mimi na Elsie tungali nyumba moja. Asante. Nanyi nyote, asanteni kwa kunivumilia hadi hapa.