Jiko Lisilo na Mlango

Sogeeni, wanangu, sauti ya mama yenu imebaki ya kuazima na mwenyewe yuko mlangoni. Na mkianza kulia kabla sijamaliza, nitaghairi kufa, mje kuyasikia haya upya mwakani.

Vitabu vya baba yenu ni vya kitindamimba, kwa sharti avisome, asivipange tu wageni wavione. Cherehani apewe yule binti wa jikoni. Nyumba ni yako, kifungua mimba wangu, na hapo ndipo penye neno.

Chiriku, yaya wenu, mnamkumbuka? Aliwabeba nyote mgongoni, akiosha vyombo huku akiimba kwa sauti ya kufukuza kunguru, nanyi mkimwitikia kutoka sebuleni, midomo imejaa mkate. Basi jueni, alipoingia humu hakuwa na sauti. Kule alikotoka, mama wa nyumba alifunga kwanza mlango wa jiko, ndipo akampiga. Na siku ya mwisho alimbandika pasi ya moto mgongoni kwa ajili ya kola iliyoungua. Baba yenu akampeleka kituoni. Afande akasikiliza, akapiga miayo, akaandika kwamba pasi ilimwangukia.

"Mgongoni, afande?"

"Alikuwa ameinama, mzee."

Serikali haikosi jibu. Masikio ndiyo adimu.

Hapa kwetu, kila upepo ulipoufunga mlango wa jiko, Chiriku aliangusha alichoshika. Vikombe vya harusi yetu viliisha vyote. Ndipo baba yenu akachukua bisibisi, akaung'oa ule mlango, akaufanya meza, ile mliyoandikia hesabu zenu za kukosea. Tangu hapo nyumba ikanuka vitunguu hadi chumbani, wageni wakatucheka, lakini jamani, ilikuwa na wimbo!

Mwaka huu, binti yangu, umeweka mlango mpya. "Moshi unaharibu mapazia, mama." Haya, nikakuachia. Jana mchana mlango ule ukafungwa, nikasikia kofi, kisha sahani, kisha kimya. Nilipokuuliza kuhusu binti wa jikoni ukasema, "Kajigonga kwenye kabati, mama." Nikamwona yule afande amefufuka, safari hii kavaa gauni nililolishona mimi.

Mwanangu, mgongo uliokulea ulikuwa na kovu la pasi, nawe ulilalia shavu juu yake. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kamwombe radhi yule binti, ndugu yako akisikia. Ukiinua mkono tena, nyumba si yako. Wakili nimekwisha mwambia, na yeye hupenda ugomvi kuliko chakula.

Nawe kitindamimba, lete bisibisi. Si kesho. Sasa, ningali nasikia.

Mungu awape nyumba... isiyo na pa kufichia mkono. Awape... ah, mlango umetoka? Vitunguu hivyo. Mwambieni binti aimbe. Hajui kuimba? Aimbe tu... Chiriku naye... hakujua.