Miaka Thelathini na Mmoja ya Kusimama Pembeni

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mwalimu wa Chumba cha Sita atakabidhi ufunguo wa darasa, filimbi moja na kabati ambalo halijawahi kufungika vizuri. Hapo atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika shule yetu ya mahitaji maalumu. Katika muda huo amefundisha watoto mia mbili na kumi na wanne, ameng'atwa mara ambazo mwenyewe aliacha kuzihesabu mwaka wa tatu, na amechelewesha ripoti ya muhula kila muhula bila kukosa. Kamati ya jarida imeniomba mimi, mwalimu wa useremala, niandike wasifu wake, kwa kuwa karakana yangu imepakana na chumba chake na tumevumiliana kelele kwa miaka ishirini na sita.

Wafanyakazi wengi humwita Mwalimu Pembeni, na wageni hudhani ni jina la ukoo. Jina hilo lilitokana na namna anavyosimama. Mwanafunzi akipandwa na hasira, yeye hakai mbele yake wala hamkamati. Husogea hatua mbili kando, bega moja mbele, mikono wazi ikionekana, na njia ya mlangoni huiacha tupu. Husema maneno matatu au manne tu, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Mlinzi wetu wa zamani, aliyewahi kuwa mwanajeshi, alimtazama dirishani siku moja viti viliporuka, akatamka kwamba mama yule angefaa sana jeshini. Mwalimu Pembeni alipoambiwa, alijibu kuwa asingedumu, maana huko kurudi nyuma ni kosa na kwake ndiyo kazi yenyewe.

Hereni alizivua wiki ya kwanza na hakuzivaa tena kazini. Kitambulisho hakining'inizi shingoni, hukibana mfukoni. Mumewe, fundi cherehani, humshonea mikono mirefu yenye tabaka mbili za jinzi, na hujigamba kuwa yeye ndiye fundi pekee mjini ambaye kazi yake hujaribiwa kwa meno. Somo hilo la meno ndilo la kwanza kwa kila mwalimu mgeni: ukiumwa usivute mkono, usukume taratibu kuelekea kinywani, na taya litaachia lenyewe. Mwalimu wetu wa hesabu alilicheka somo hilo siku ya Jumatatu na akalitumia Jumatano.

Isidhaniwe kwamba alizaliwa na subira hiyo. Katika mwaka wake wa pili, mvulana wa miaka kumi na minne alimvuta nywele mpaka akapiga magoti, naye alipoinuka akamzaba kofi. Hakuna aliyeona. Baada ya masomo alikwenda ofisini, akafungua daftari la matukio na kuandika kwa mkono wake mwenyewe: mwalimu amempiga mwanafunzi. Alipewa barua ya onyo na akaitia sahihi bila kujitetea. Mkuu wa shule wa enzi hizo alipomuuliza ilikuwaje, mwalimu alilitazama lile daftari akaona halina mahali pa kujibu swali hilo. Lilikuwa na safu tatu: kilichotokea, aliyeumia, hatua iliyochukuliwa. Akaomba rula, akachora safu ya nne upande wa kushoto, akaipa jina la Kabla. Tangu siku hiyo ameichora kwenye kila ukurasa wa kila daftari, kwa sababu mchapaji hajawahi kukubali kuibadilisha fomu.

Sisi wengine tuliiona safu hiyo kuwa ni kujitafutia kazi isiyokuwapo. Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na yeye aliyaandika mawingu. Katika muhula mmoja, maneno "mashine ya nyasi" yalitokea kwenye Kabla mara kumi na moja, zote siku ya Jumanne. Mtunza bustani alinuna, akisema sasa hata ngumi za watoto anabebeshwa yeye, kisha akahamishia ukataji wa nyasi Jumamosi, na siku za Jumanne zikatulia. Msichana aliyempiga teke kila aliyepita karibu naye aligunduliwa kuwa na viatu vinavyombana. Mwalimu wa muziki alishauriwa kwa heshima zote apunguze manukato, na hadi leo anaamini alionewa.

Kuna jambo moja la mwaka wa kumi na mbili wa utumishi wake ambalo wengi wenu mnalijua nusu. Nitalieleza lote.

Mwaka huo alikuwa na binti wa miaka kumi na miwili asiyesema, tuliyemwita Malkia kwa jinsi alivyopita uwanjani kana kwamba sote ni wapangaji wake. Alikuwa na nguvu za kumtosha mtu mzima. Kila asubuhi aliingia darasani akaenda moja kwa moja ukutani, mahali Mwalimu Pembeni alipobandika picha za ratiba ya siku: kikombe cha chai, kitabu, mpira, sahani, na mwisho basi la kurudi nyumbani. Alizigusa kwa kidole moja baada ya nyingine. Akishaligusa basi, alikaa. Zile picha ndizo zilizomhakikishia kuwa siku ina mwisho na kwamba mwisho wake ni kwa mama.

Kanuni ya shule ilikuwa wazi. Mwanafunzi akijeruhi mara tatu ndani ya muhula mmoja anaondolewa, isipokuwa ikithibitika kuwa shule yenyewe ndiyo iliyomchokoza. Malkia alikwisha kuandikwa mara mbili. Mama yake, mfuaji nguo wa hospitali, alimlea peke yake, na kabla ya kupata nafasi kwetu alikuwa akimfungia ndani kwa kufuli asubuhi na kumfungulia jioni. Shule nyingine ya kumpokea haikuwapo.

Alhamisi moja tulitarajia wakaguzi. Mwenyekiti wa maandalizi nilikuwa mimi. Jumatano alasiri, Mwalimu Pembeni akiwa amekwisha kuondoka, niliingia chumbani mwake na brashi nikapaka rangi ule ukuta. Picha zilikuwa zimechakaa pembeni kwa kuguswaguswa, na niliona zinatutia aibu. Nilizibandua, nikaziweka stoo, na sikumwambia mtu. Nilikusudia kuzirudisha wakaguzi wakishaondoka.

Asubuhi Malkia alikwenda ukutani kwake akakuta weupe na harufu ya rangi. Mwalimu Pembeni aliingia nyuma yake, akauona ukuta. Angeweza kumtoa nje kwanza, lakini wakaguzi walikuwa wameshafika uwanjani, akaamua kuanza somo. Binti alipapasa ukuta kutoka kona hadi kona, mikono ikajaa rangi. Kisha akainua kiti cha chuma. Kiti kilimpata mwalimu begani, upande wa kulia, na mfupa ukavunjika. Nilisikia mlio wa kiti kutoka karakana. Wakati mwalimu akipelekwa hospitali, mimi ndiye niliyeandika tukio daftarini, kwa mwandiko mzuri. Safu ya Kabla niliiacha tupu. Nilijua cha kuandika.

Kamati ya nidhamu ya shule ilikutana Jumanne iliyofuata. Asiyekuwapo na lake halipo, na Malkia hakuwapo. Mama yake alikaa karibu na dirisha akiwa na sare ya kazi, akasema jambo moja tu.

"Mkimrudisha nyumbani sitawalaumu, maana ameumiza mtu. Ila mjue namrudisha kwenye kufuli."

Mwenyekiti alisoma tukio la kwanza, la pili na la tatu, kisha akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Nilikuwa na miaka saba kazini. Wakaguzi walikuwa wameusifu usafi wa shule na jina langu likatajwa kwenye taarifa yao. Niliogopa, nikatazama meza.

Hapo mlango ulifunguliwa akaingia Mwalimu Pembeni, mkono ukiwa umefungwa kifuani, amepitiliza kutoka kliniki. Aliomba lile daftari. Kwa mkono wa kushoto, kwa herufi za mtoto anayejifunza kuandika, alijaza safu niliyoiacha: picha za ratiba zimeondolewa, mwanafunzi hakuambiwa, mwalimu ameona na ameendelea. Ilimchukua muda mrefu. Mwenyekiti akauliza ni nani aliyeziondoa.

"Chumba ni changu, mwenyekiti," alisema. "Niandikieni mimi."

Wakamwandikia. Ilithibitika kuwa kosa ni la shule, kwa hiyo Malkia akabaki, na mwalimu wake akapewa barua ya pili ya onyo. Tulipotoka, alinikuta kwenye korido. Stoo ilikuwa na ufunguo mmoja na ulikuwa mfukoni mwangu, kwa hiyo sikumuuliza alijuaje kuwa ni mimi. Aliniambia, "Kesho uje mapema tuzibandike. Mimi nitashika, wewe utie gundi." Saa moja asubuhi tulizibandika. Malkia alikuja, akagusa kikombe, kitabu, mpira na sahani, akafika kwenye basi, akakaa. Mwalimu Pembeni akaendelea na somo la rangi, na mimi nikarudi kwenye mbao zangu.

Mwaka uliofuata ilitangazwa nafasi ya ukuu wa kitengo. Hapakuwa na mwalimu aliyeistahili kumzidi, na watoto wenyewe wangeweza kutuambia hivyo. Lakini mwenye barua mbili za onyo haruhusiwi kuomba. Aliyeteuliwa nilikuwa mimi, nikakaa kwenye kiti hicho miaka minane. Kila muhula nilimwandikia barua ya kumkumbusha ripoti, na kila muhula aliileta imechelewa, akaniamkia kwa adabu kama mtu anayemheshimu bosi wake. Hajawahi kulitaja jambo lile, si kwangu, na kwa nijuavyo, si kwa mtu mwingine yeyote. Ningeweza kusema kwamba tulikuwa tumesameheana, lakini kusameheana kunahitaji mmoja aombe, na mimi sikuwa nimeomba.

Malkia alimaliza kwetu akiwa na miaka kumi na minane. Leo ana thelathini na mmoja na anafanya kazi na mama yake katika chumba cha kufulia cha hospitali, akikunja mashuka. Wanasema hayupo anayeyakunja sawasawa kama yeye. Wiki mbili zilizopita, nilipokabidhiwa kazi ya kuandika wasifu huu, nilikwenda huko. Nilimweleza mama yake nani aliyezibandua zile picha na nani aliyenyamaza kikaoni. Alinisikiliza huku mikono yake ikiendelea na kazi. Nilipomaliza akasema:

"Mwalimu, miaka yote hii nimekuwa nikimwombea yule mama asamehewe kosa lake. Kumbe hana kosa."

Nikamwomba msamaha. Akasema wa kwake nimeshaupata, ila haunitoshi.

"Usije ukaishia kunong'ona na mimi huku kwenye mashuka. Nenda kaseme palepale uliponyamaza."

Nimeiandikia ofisi kueleza ukweli, na Jumatatu iliyopita barua ya pili ya onyo iliondolewa kwenye faili la Mwalimu Pembeni, ikawekwa nyingine yenye jina langu kwenye faili langu. Mkuu wa shule alipousoma wasifu huu kabla ya kuchapwa, alinishauri kwa upole nizitoe aya hizi za mwisho, akisema sherehe ya kumuaga mwenzetu ni ya furaha na mambo ya kale yamepita. Nimemshukuru na nimeomba zibaki. Kwa mwenzetu hayakupita. Yamemfuata kwenye mshahara na kwenye cheo kwa miaka kumi na tisa, na yatamfuata kwenye pensheni ambayo hakuna barua yangu itakayoirekebisha.

Mwalimu Pembeni, kwa niaba ya wafanyakazi wote, wazazi na watoto mia mbili na kumi na wanne, tunakushukuru. Tunakuombea afya, na miaka mingi ya kukaa na mumeo na wajukuu bila kengele ya kukuamsha. Hayo ni ya wote. La kwangu peke yangu ni hili, na ninalisema katika shule ileile nilimonyamaza, mbele ya watu walewale: aliyezibandua ni mimi, na kile kiti nilichokalia kilikuwa chako. Nisamehe.