Alois Kasiani, Mzee wa Baraza Aliyeinuka Kitini

Marehemu Alois Kasiani hakuketi hata siku moja kusikiliza shauri la ndugu yake. Kwa miaka yote aliyokuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, kesi ikimgusa mtu wa damu yake aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka nje. Wengi walimwona mkaidi. Yeye aliamini kwamba mtu anayemhukumu ndugu yake hahukumu, anagawa fadhila.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1918 katika kitongoji cha Mkongole, juu ya Mgeta, mtoto wa kwanza wa Mzee Kasiani na Bibi Maria. Kwa desturi ya Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi ya Mkongole ilikuwa ya mama. Huko ndiko alikolima, na huko ndiko alikotazamia kulala.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Baba yake alipofariki mwaka 1932 aliacha masomo, akashika jembe. Alilima kabichi na njegere, akazishusha kichwani kwa njia za miguu hadi yalipokuwa yakisimama malori ya Dar es Salaam. Tarehe 8 Agosti 1942 alifunga ndoa na Kristina, binti wa Bigwa. Hakuwa mtu wa kutulia. Hata chakula alikula amesimama, na mkewe alizoea kumwambia kwamba kiti chake kitaoza kwa upweke.

Mwaka 1964 aliteuliwa kuwa mzee wa baraza. Katika mahakama ile walikaa hakimu na wazee wawili, kila mmoja ana sauti moja, na wengi ndio walioamua. Mashauri mengi yalikuwa ya watu kuingia katika ardhi ya wenzao. Marehemu alichukia kuona jirani anafungwa kwa ajili ya nyayo zake, kwa hiyo kabla ya hukumu alimwomba hakimu awape nafasi ya suluhu, kisha akafuatana nao hadi shambani penyewe.

Kibwana Salehe wa Mlali, mtani wa familia hii, aliwahi kumshtaki jirani yake Mama Mosi kwa kukatiza shambani kwake akienda mtoni. Marehemu alimwambia Kibwana aongoze njia, akawaonyeshe kosa lilipotendeka. Kibwana akaongoza kwa madaha, wote nyuma yake, mpaka wakajikuta katikati ya mihogo ya Mama Mosi.

"Hapa ni kwa nani?" marehemu aliuliza.

"Hapa tunapita tu," Kibwana akajibu.

"Hata yeye kwako alikuwa anapita tu."

Shauri likaisha kwa kicheko, na mpakani ikafunguliwa njia nyembamba inayotumika hadi leo. Jana Kibwana alijilaza mlangoni pa msiba, kama ilivyo haki ya mtani, akazuia watu wasipite. Alidai marehemu anaondoka bila kumwomba njia.

Mwaka 1974 watu wa Mkongole walihamishiwa kijiji kipya bondeni, na mteremko wao ukawa shamba la kijiji. Kamati ikakataza mtu yeyote kupanda huko nje ya siku za kazi ya pamoja. Kaburi la Bibi Maria lilibaki kule juu, jiwe moja katikati ya migomba. Kwa desturi, mvua zinapokaribia, binti hulipalilia kaburi la mama yake. Theresia, dada pekee wa marehemu, akapanda na jembe lake. Akaonywa. Akapanda tena. Septemba 1975 Yakobo, mwenyekiti wa kijiji, akamfikisha mahakamani kwa kosa la kuingia kwa jinai.

Siku moja kabla ya shauri, Theresia alimfuata kaka yake shambani. Alijua kwamba yule mzee mwingine wa baraza alimwonea huruma. Sauti ya kaka yake ikiongezwa, angekuwa huru.

"Kaka, wewe ukae tu. Sikuombi useme neno."

"Nikikaa nimekwisha kusema," alimjibu, akaendelea kupalilia.

"Kwa hiyo mama ni wangu peke yangu?"

Akahamia tuta jingine.

Asubuhi aliinuka kitini kama kawaida, na mzee wa akiba akaitwa kuketi mahali pake. Muda wote wa shauri alilizunguka jengo la mahakama kama mtu aliyedondosha kitu. Ndani, Yakobo alikuwa tayari kuyafuta mashtaka endapo mshtakiwa angeahidi kutorudi. Hakukuwa na mtu wa kupendekeza kwamba wapande wote wakalione kaburi. Mwenye desturi hiyo alikuwa nje.

"Sikuingia shamba la mtu," Theresia alisema. "Nilikwenda kwa mama, na nitakwenda tena."

Kwa sauti mbili dhidi ya moja alifungwa mwezi mmoja.

Marehemu hakutaka kuvuka mpaka hata yeye. Aliiomba kamati ruhusa ya kwenda kuweka alama kaburini. Ruhusa ilitolewa, lakini jembe la kijiji lilikuwa limekwisha kupita. Migomba ilikuwa imekatwa, na lile jiwe limechanganywa na mengine kwenye kingo za matuta. Waliolima hawakujua walichokilima.

Alijiuzulu mwaka 1977 kwa sababu ya kifua. Shamba la kijiji lilipoachwa baadaye, alipanda Mkongole kila mvua ilipoanza, akatembea kati ya matuta akigusagusa ardhi kwa fimbo, akashuka ameloa. Kifua kikazidi. Oktoba mwaka huu alilazwa hospitali mjini Morogoro, akarudishwa nyumbani, akafariki asubuhi ya tarehe 11 Novemba 1981. Aliyemuuguza mpaka mwisho ni Theresia.

"Kunywa uji, mzee wa baraza," alikuwa akimwambia, kijiko mkononi.

Wapo waliosema msibani kwamba afadhali angeketi mara ile moja tu. Familia haikubaliani nao. Mzee anayeketi leo kwa ajili ya dada yake, kesho ataketi kwa ajili ya mbuzi aliyefungwa nyuma ya nyumba yake, na maskini asiye na kaka wala mbuzi hatakuwa na mahakama. Alichofanya kilikuwa haki. Haki hiyo haikumpa usingizi.

Ameacha mjane, Mama Kristina, watoto, Lukasi, Ester na Paulo, wajukuu, wapwa, na dada yake, Theresia. Mungu ampe utulivu alioukosa duniani.

Anazikwa leo katika makaburi ya misheni, mbali na mama yake, kwa kuwa hakuna ajuaye mama yake alipo. Na tangu siku ile ya Septemba hadi alipofumba macho, dada yake hakumwita tena kaka.