Manukato Kwenye Kola

Dada: Haloo? Nani mwenzangu?

Pua: Ni mimi, Dada. Shikamoo.

Dada: Marahaba, Pua wangu. Tangu asubuhi chakula hakipiti. Umefaulu au—

Pua: Nimefaulu. Mkuu wa mvinyo pale hotelini ni mimi.

Dada: Mungu mkubwa. Ngoja nikae. Hebu nipe yote, usimung'unye maneno.

Pua: Chupa zilivishwa soksi, jina halionekani. Unanusa, unaonja, unatema, unataja zabibu. Ya mwisho iliwashinda wote. Ukali wa limau, asali kwa mbali. Nikasema Romorantin.

Dada: Roma nini?

Pua: Zabibu nyeupe ya Ufaransa. Hata huko kwao ni ya kutafuta.

Dada: Pua hiyo ya mama yetu, si bure. Na shati je? Nililipiga pasi mpaka kola ikasimama, nikapulizia na manukato yangu ya—

Pua: Dada. Kwenye kuonja manukato ni marufuku. Yanaua harufu ya mvinyo. Meza nzima ilinigeukia.

Dada: Maskini mimi. Sikujua—

Pua: Ungejuaje, sikukwambia. Wakanivua shati, wakanipa koti la jikoni. Bosi akauliza nani kanimwagia hayo. Wenzangu wanacheka, nami... (Mtandao unakwaruza.)

Dada: Haloo? Unakatika. Ukamjibu nini?

Pua: Nikasema ni mfanyakazi wa ndani. Eti hajasoma, hajui mambo haya.

Dada: Ulisema hivyo.

Pua: Lilinitoka tu. Naona haya, Dada. Wewe uliyenilea.

Dada: Na ile karamu ya kesho? Si ulisema mshindi anakuja na watu wake? Nilishaazima gauni.

Pua: Njoo nalo. Nitamwambia bosi ukweli mbele ya wote, kwamba—

Dada: Kwamba siku ya kwanza tu ulimdanganya? Na funguo za ghala la mvinyo atakuachia?

Pua: Sijui.

Dada: Unajua. Basi, usitie mchanga kitumbua chako. Nitajifunga kitambaa, nipite nyuma. Nitawasaidia kuosha glasi, nikuone kwa mbali.

Pua: Dada...

Dada: Sema basi, salio lako linakwenda.

Pua: (Mtandao unakwaruza.) Mlango wa nyuma unafunguliwa saa moja.

Dada: Haya. Saa moja nitakuwa hapo. Kula kwanza, ndipo ulal—